Kaka ameifungia mofini kabatini

*Maswali ya wasomaji. Anajibu muuguzi mstaafu wa tiba shufaa (huduma ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito), Tanga.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kitinda mimba kwetu, naishi Muheza, na ndiye ninayemuuguza mama. Ana miaka 63. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya mlango wa kizazi, akapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, akapata mionzi na kurudi ana nafuu. Sasa mwezi wa tatu huu maumivu yamerudi, yanaanzia kiunoni yanashuka mguuni. Daktari ametuandikia mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Kaka yetu mkubwa, anayegharamia kila kitu, ameichukua akaifungia kabatini. Anasema hiyo ni dawa ya kufia, tena mtaani kwake anawaona mateja kila siku, hataki mama awe teja uzeeni. Mama mwenyewe tumemwambia ana uvimbe tu. Usiku anang'ata kanga ili asiwaamshe wajukuu. Nifanyeje? Na mimi nina miaka 38, je, nitaurithi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya kuuguza. Hilo la kung'ata kanga limenikaa moyoni tangu barua yako ilipofika.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa ufunguo anao yeye, na kwa kuwa namwona ni mtoto anayeogopa kufiwa na mama. Huo msemo wa dawa ya kufia najua ulikotoka. Huku kwetu mofini imezoeleka kuletwa mwisho kabisa, mgonjwa hali, hanywi, nguvu zimekwisha. Anapewa Jumatano, Ijumaa anazikwa. Majirani wanasema, si mmeona, alipopewa ile dawa tu! Miezi aliyokesha akigugumia hakuna anayeihesabu. Mimi nimekuwa na wagonjwa waliokunywa mofini mwaka na zaidi, mmoja akikaanga maandazi alfajiri na kuyauza mwenyewe barazani. Kwa kipimo alichoandika daktari, mofini haimharakishi mtu kaburini. Inayapunguza maumivu yanayofika kwenye ubongo, basi, mwili ukapata kupumua.

La uteja hajakosea lote. Mofini na heroini ni ndugu, asili yake afyuni. Lakini teja anatafuta stimu, mama yako anatafuta usingizi. Mwili wake utaizoea, ndiyo, ndiyo maana siku maumivu yakipungua daktari huipunguza kidogo kidogo na wala haikatwi ghafla. Kuzoea huko ni kwa mwili. Hakumfanyi mtu aibe sufuria za jirani.

Mwambie pia kaka kwamba wenzetu Uganda wako mbali katika hili. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, jijini Kampala. Unga wa mofini unachanganywa na maji, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake, na nchi ile ikaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike. Kisha mwambie na hili: mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliandika kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zinapata tani 0.1. Yaani kilo 100 tu, kwa nchi zote hizo! Kuna akina mama wanaokufa wakipiga kelele kwa sababu chupa kama hiyo haijawahi kufika wilayani kwao. Ya kwenu imefika, na imefungiwa.

Kama maneno yako hayatoshi, mwombe alale kwa mama usiku mmoja. Chumba kimoja, si sebuleni.

Akishatoa chupa, fuateni saa. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ile ya mwisho mara nyingi daktari huiandika mara mbili ya nyingine ili mgonjwa avuke usiku. Someni karatasi yenu inavyosema, msibuni. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko havilingani. Usingoje maumivu yapande ndipo umpe. Choo kitakuwa kigumu, hilo lihesabu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kuona kichefuchefu na kusinzia sana. Usishtuke, ana deni la usingizi la miezi mitatu. Ila akiwa haamshiki, au pumzi zinakuja polepole kwa kuachana, mrudisheni hospitali bila kungoja asubuhi. Na uangalie mkojo. Saratani hii inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa kuitoa dawa, ikalundikana mwilini. Mkojo ukipungua, daktari ajue siku hiyohiyo.

Maumivu mpime kwa mkono. Mwambie mama: ngumi iliyofumbwa ni hakuna kitu, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Akuonyeshe asubuhi na jioni, uandike kwenye daftari. Daktari akiliona daftari hilo ataongeza au kupunguza bila kukisia.

Sasa la kumficha. Mwanangu, mama yenu amekwenda Ocean Road. Amekaa kwenye benchi na wanawake wenzake wiki baada ya wiki. Mnadhani hawakuzungumza?

Shangazi yangu wa Pangani aliugua ugonjwa huuhuu. Watoto wake walimwambia ni vidonda vya tumbo, nami, muuguzi mzima, nikanyamaza kwa sababu niliagizwa. Siku moja nampaka mafuta ya nazi miguuni, akaniuliza taratibu, "Hivi ninyi mnadhani mimi sisikii harufu?" Sikuwa na jibu. Alikuwa ametukalia kimya miezi yote ili sisi tusiumie, na sisi tumemkalia kimya ili yeye asiumie, nyumba nzima imejaa watu na kila mtu yuko peke yake. Alikuwa na shamba la minazi la kuandikisha na dada aliyekosana naye Zanzibar. La minazi tuliliwahi. (Harufu ile ya kidonda cha saratani ina dawa. Muulizeni muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazo vinavyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda.)

Kwa hiyo usimwendee na hotuba. Mtakapokuwa wawili, muulize: "Mama, wewe unauonaje huu ugonjwa wako?" Halafu nyamaza. Akitaka kujua zaidi atauliza, na akiuliza usimdanganye. Akigeuza maneno akaulizia kuku wamefungiwa au la, mfuate kwenye kuku, ipo siku nyingine.

Kuhusu wewe: saratani hii haswa inaletwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila mtu hukutana nacho maishani. Hukumrithi mama kwa hilo. Lakini kwa miaka 38 unatakiwa uwe umeshapimwa. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, wanaangalia kama panageuka rangi nyeupe, na majibu unapewa papo hapo. Yakionekana mabadiliko yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Kama una binti wa kati ya miaka 9 na 14, apate chanjo.

Nenda wiki hii, mmoja wa wakwe akae na mama hiyo asubuhi. Na usiku ule wa kwanza, ukishampa ile ya saa 4, zima taa ulale na wewe.