Maswali ya Wasomaji: Cowboy Junkies, Maiki Moja na Kwaya ya Tororo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu bendi ya Cowboy Junkies ya Kanada, meseji zikamiminika. Nimechukua tatu, zingine zinauliza mambo yaleyale.

Kaka, nlisikia wimbo wao mmoja kwenye teksi natoka Jinja usiku, dereva alikuwa ameweka chini chini, dada anaimba kama anaongea na mtu aliyelala. Sasa nimeenda kutafuta nakuta albamu kibao. Nianze na ipi? – Msomaji, Busia

Ndugu yangu wa Busia, anza na The Trinity Session, tena usianze na nyingine yoyote. Dada unayemsema ni Margo Timmins, kaka yake Michael ndo anapiga gita na kuandika nyimbo nyingi, mdogo wao Peter yuko kwenye dramu, na besi ni ya Alan Anton, rafiki wa Michael wa siku nyingi. Walianza Toronto mwaka 1985 na hao wanne ndo haohao mpaka leo, bendi ngapi unazijua zimekaa hivyo?

Albamu ya kwanza kabisa, Whites Off Earth Now!!, ya 1986, waliirekodi kwenye gereji ya nyumba walimokuwa wanaishi, na karibu yote ni bluzi za watu wengine. Nzuri, ila we iache kwanza. Ukishaielewa Trinity nenda The Caution Horses ya 1990, halafu ruka mpaka Lay It Down ya 1996 ambapo magita yamepanda sauti kidogo. Halafu hii ya juzi juzi, Such Ferocious Beauty ya 2023, inafungua na wimbo kuhusu baba yao aliyekuwa anapoteza kumbukumbu, yaani watoto wa mzee mmoja wako pamoja studio wanaimba mzee wao anavyosahau. Mi hiyo siisikilizi nikiwa na watu.

Kaka mimi sio mchoyo wa muziki lakini hizi nyimbo zinanichosha roho, zote polepole, zote huzuni. Wanafaidi nini? Na sisi Uganda tuna kitu kama hiki au ni mambo ya wazungu na baridi yao? – Msomaji, Arua

Dada wa Arua, nakuelewa, ila ngoja nikwambie mi navyosikia. Huzuni ya hawa watu haipo sana kwenye maneno, ipo kwenye nafasi wanayoacha. Peter anapiga dramu kama anaogopa kuamsha mtoto, na kuna lile gita la kulazwa linavuta noti moja ndeeefu, kisha kimya kidogo, kisha Margo anaingia na yeye hapandishi sauti hata pale ambapo mwimbaji mwingine angepiga kelele. Kuna siku umeme ulikatika nikaisikiliza The Trinity Session kwenye simu gizani, earphone sikioni, nikasikia ule mwangwi wa kanisa walimorekodia unaendelea baada ya gita kunyamaza, sekunde moja hivi, labda mbili, na hapo ndo nlielewa kwamba lile jengo nalo ni mpigaji. Jaribu tena usiku, usiweke wakati unapika.

Na kuhusu sisi, jamani, tunaye Geoffrey Oryema! Alizaliwa Soroti 1953, Muacholi, baba yake Erinayo Oryema alikuwa waziri na ndo aliyemfundisha nanga, ile ala ya nyuzi ya Waacholi. Februari 1977 mzee akauawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum wakati wa Amin, na kijana akavuka mpaka kuingia Kenya amefichwa kwenye buti ya gari, akaishia Ufaransa. Mwaka 1990 akatoa albamu ya Exile, prodyuza ni Brian Eno, na humo unasikia nanga na lukeme, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, na mtu anayeitaja Anaka, kwao, mahali alipopaacha nyuma. Akafariki hukohuko Ufaransa mwaka 2018. Sasa chukua Exile na Trinity Session usikilize zikifuatana, utaona hawafanani hata kidogo kwa lugha wala vyombo, ila wote wawili wanaimba chini na wote wanakuachia nafasi ya kuweka huzuni yako mwenyewe. Kwa hiyo hapana dada, sio mambo ya baridi. Bibi zetu wakilia msibani saa tisa usiku, watu wameshachoka na ngoma imeshanyamaza, huwa ni polepole vilevile.

Ni kweli hiyo albamu ya The Trinity Session ilirekodiwa na maiki moja tu? Nauliza kwa sababu kwaya yetu hatuna hela ya studio, tuna kanisa na tuna maiki moja ya kuazima. – Kiongozi wa kwaya, Tororo

Kweli kabisa mzee wangu, na swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote. Ilikuwa tarehe 27 Novemba 1987, ndani ya kanisa la Holy Trinity pale Toronto, karibu yote kwa siku moja. Kanisani walijitambulisha kama The Timmins Family Singers wanaorekodi kipindi cha Krismasi cha redio, wakihofia jina la bendi lingewafungia mlango. Prodyuza alikuwa Peter Moore na maiki ilikuwa ya Calrec, ina vikapsuli vinne ndani, vile vinavyonasa sauti, inasikia pande zote, wao wakakaa kuizunguka. Walikuwa na wageni pia, wa akodioni, fidla, hamonika na hilo gita la kulazwa.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye kazi. Ukiwa na maiki moja huwezi kusema tutamiksi baadaye, kikishaingia kimeingia. Kwa hiyo masaa mengi yaliliwa na kupanga watu tu, huyu sogea nyuma, amplifaya ile igeuze, dramu punguza. Na Margo sauti yake ilipitia spika, ili iweze kupandishwa au kushushwa bila yeye kulazimika kupiga kelele.

Nyie fanyeni hivyohivyo. Mi nilijaribu na kwaya ya mtaani kwetu, nikaweka simu juu ya kiti cha plastiki katikati, mara ya kwanza ikasikika ngoma na mama mmoja wa sauti ya kwanza, basi! Tukapeleka ngoma mpaka karibu na mlango, yule mama akarudi hatua tatu, wale wa besi wakaja mbele kabisa, na tukaweka kitambaa chini ya simu kwa sababu kila mguu ukigonga sakafu kiti kilikuwa kinatetemeka. Mara ya sita ndo ikakaa. Rekodini kipande kifupi, msikilize wote pamoja, msogeze mtu mmoja tu, mrekodi tena. Msisogeze watatu kwa mpigo maana hamtajua nani ameponya.

Kama paa ni la mabati angalieni mawingu kabla ya kuanza, na mwende mapema asubuhi kabla malori ya Malaba hayajaanza kunguruma. Feni zimeni. Ikitoka nitumieni, nataka kusikia hilo kanisa lenu linasemaje.