Mafuta ya karafuu yapake kabati, picha iache

Nyumbani kwetu Tukuyu, Novemba mpaka Mei nguo haikauki siku moja. Ndipo picha ya Tingatinga aliyoinunua marehemu baba Dar es Salaam ilipoota ukungu. Nazungumzia ule wa kijivu unaoota kama vumbi la unga, si huu unaoshuka kutoka Rungwe asubuhi, ingawa mmoja humleta mwenzake.

Nilikuwa nimesoma kwamba mafuta ya karafuu huua ukungu. Ni kweli: yana kemikali iitwayo yujenoli kwa wingi, nayo hutoboa utando wa seli ya kuvu. Mchaichai na zaatari nazo zina nguvu hiyo. Basi nikachovya pamba, nikaipangusa picha. Ukungu ulitoka, na pamba ikatoka na rangi ya mkia wa ndege. Pale nilipogusa paling'aa kwa kunata, na baada ya miezi pakawa na doa la hudhurungi. Picha ya baba ile! Bado inaniuma.

Sikujua kwamba mafuta haya ni kiyeyusho. Wachoraji wa Ulaya walitumia mafuta ya lavenda kulainishia rangi zao tangu zamani. Ndiyo maana Vatikani wameweza kutumia mafuta ya mimea ya aina hii kuondolea kuvu kwenye sanamu za mawe za bustanini: jiwe tupu halina vanishi ya kuyeyuka.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Picha naitoa ukutani, naipeleka chumba chenye hewa, kivulini, hadi ukungu ukauke na kuwa unga. Nafunga barakoa, kisha nausukuma kwa brashi laini ya kupakia rangi, taratibu, nje ya nyumba. Mafuta nayapeleka kabatini: matone machache kwenye kitambaa, napangusa mbao za ndani likiwa tupu, naliacha wazi siku mbili tatu mpaka harufu ipungue. Vikapu vya milulu vya Iringa, visivyo na rangi, naviweka humo bila wasiwasi. Picha siirudishi karibu na mvuke huo.

Ila mvuke huisha, na unyevu ukizidi asilimia 65 hivi ukungu hurudi. Nilinunua kipima unyevu kidogo, nikaigundishia picha vipande vya kizibo nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta, nikaihamishia ukuta wa ndani ambao mvua haiupigi. Huu ni msimu wa tatu, na haijaota tena.

Kama picha yako ni ya thamani na rangi inabanduka, usiiguse hata kwa brashi. Ifunge kwa karatasi, si nailoni, uwaulize watu wa makumbusho. Kwa Iringa, makumbusho yapo pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani.