Dizeli inayogoma alfajiri: tazama moshi kabla ya kufungua pampu

Baridi ya Nairobi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo inayofichua injini ya dizeli iliyochoka. Piki-ap iliyowaka bila neno mwezi wa Februari huanza kugoma Julai, hasa kwetu huku Dagoretti na kuendelea hadi Kikuyu na Limuru. Nimebeba mboga kwa piki-ap ya dizeli hadi soko la Wakulima kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usikubali fundi afungue pampu ya dizeli kabla betri, hita plagi (vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto kabla ya kuwasha) na paipu za mafuta hazijapimwa. Pampu ni ghali, na mara nyingi haina kosa lolote.

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta. Ili hilo litokee, injini lazima izunguke kwa kasi, ibane vizuri, na ipate mafuta yasiyo na hewa ndani. Sasa kumbuka Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Ongeza baridi ya saa kumi na moja alfajiri, na injini yenye ringi za pistoni zilizolika, ambayo huko pwani ingewaka tu, huku juu inakataa.

Basi anza na moshi. Mwambie mtu avute stata huku wewe ukisimama nyuma kwenye ekzosi. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukiwa mweupe na unanuka dizeli mbichi, mafuta yanafika lakini hayaungui: ama joto halitoshi, ama injini haizunguki kwa kasi, ama haibani. Ukiwa mweusi, angalia filta ya hewa kwanza. Mtazamo huo wa sekunde chache utakuokolea pesa nyingi, kwa sababu unakuonyesha upande wa kutafuta.

Tuseme moshi ni mweupe. Pima betri kabla ya yote. Iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6; stata ikivutwa, ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au haijachajiwa. Kisha fanya kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka: weka waya mmoja wa mita ya kupimia volti kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye bloku ya injini, halafu stata ivutwe. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri, ni mbovu. Nimeona watu wakinunua betri mpya wakati tatizo lilikuwa waya wa ethi ulioota kutu chini ya bolti.

Baadaye njoo kwenye hita plagi. Fungua kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, upime kila moja peke yake kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Nzima husoma chini ya omu mbili. Iliyokufa haisomi kitu. Injini ya silinda nne ikiwa na moja iliyokufa itawaka kwa kutetemeka na moshi, ila zikifa mbili au tatu asubuhi ya Julai utahangaika. Hakikisha pia umeme unafika pale ufunguo unapowashwa, maana relei, swichi inayozipelekea umeme, nayo hufa. Ukienda Kirinyaga Road kununua, beba ya zamani na usome volti zilizoandikwa juu yake. Si zote ni za volti 12, na ya volti ndogo ukiifunga kwenye umeme mkubwa ncha yake huungua, na inaweza kukatika ikaangukia ndani ya silinda.

Kama moshi hautoki, au injini inawaka baada ya kuvutwa muda mrefu kisha inakwenda vizuri kutwa nzima, mimi hushuku hewa. Usiku hewa hupenya kwenye ufa mdogo wa paipu, na mafuta hurudi kwenye tangi. Upande huu pampu huvuta, kwa hiyo ufa unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli, na ndiyo sababu hauonekani. Laza gari pua ikiwa imeelekea mteremko. Ikiwaka vizuri asubuhi, una jibu lako. Au bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, kisha vuta stata. Kuhakikisha, funga kipande cha paipu angavu kabla ya pampu uangalie mapovu. Paipu za mpira zilizokauka na klipu zilizolegea ndizo zenye kosa mara nyingi, na bei yake ni ndogo.

Tafadhali, usipulizie etha (ile spreyi ya kusaidia kuwasha) kwenye injini yenye hita plagi. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Na stata usiivute zaidi ya sekunde kumi na tano mfululizo. Ipumzishe dakika moja.

Shemeji yangu wa Lamu ana mashua ya matanga yenye injini ndogo ya dizeli, na hatua zake ni hizi hizi, isipokuwa moja ninayomsisitizia kila tunapoongea: akivuta stata muda mrefu bila injini kuwaka, afunge vali ya maji ya bahari. Pampu ya maji huendelea kujaza ekzosi, na bila moshi wa kuyasukuma nje, maji hurudi ndani ya silinda. Injini ikishaanza tu, afungue vali mara moja.

Yote haya yakiwa sawa na moshi mweupe bado upo, hapo ndipo upime kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa. Tofauti kubwa kati ya silinda na silinda ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko namba yenyewe. Kompresheni ikiwa nzuri, peleka nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zipimwe kwenye mashine, na usimame hapo uone zinavyopuliza: ukungu mwembamba ni sawa, matone ni mbovu. Pampu iwe ya mwisho.