Mhudumu Anayevuta Sigara Si Adui wa Kazi

Mwezi wangu wa pili nikiwa nesi katika kliniki ya kijiji kimoja cha Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, nilitamka maneno ambayo nayajutia mpaka leo. Ilikuwa kwenye kikao cha asubuhi, tunapanga wiki ya kuhamasisha watu waache sigara. Nikawageukia wahudumu wa afya, wote Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wa palepale kijijini, nikasema: "Hatuwezi kwenda kumfundisha mtu huku nguo zetu zinanuka moshi." Nilisema "hatuwezi", lakini mimi sijawahi kuvuta, na kila aliyekuwa mle chumbani alijua nawasema akina nani. Hakuna aliyenijibu. Kesho yake wawili hawakuja kazini. Wa tatu alikuja, akapima watu presha, akafunga vidonda, akamtafsiria daktari, ila kutwa nzima hakunitazama usoni.

Huyo wa tatu nitamwita Yapa, maana ndivyo tulivyoitana. Kwa lugha ya Wayolngu, Waaborijini wa eneo lile, yapa ni dada. Familia yake ndiyo iliyonipokea ikanipa nafasi katika ukoo, kwa sababu kule mgeni hakai hivihivi, lazima awe ndugu wa mtu ndipo watu wajue waongee naye vipi. Kwa hiyo niliyemwaibisha mbele ya watu alikuwa dada yangu.

Nilikaa kule miaka mitatu. Manesi wa kwetu wanaendelea kuajiriwa Australia, na baadhi yenu mtapelekwa kwenye kliniki kama ile, mwendo wa ndege ndogo kutoka mjini. Mkifika mtamkuta mhudumu wa afya anavuta sigara nyuma ya jengo. Nawaomba msimwone kizuizi cha kazi. Huyo ndiye mgonjwa wenu wa kwanza, na akisaidiwa vizuri atafika mahali ambapo sisi wa kuja na kuondoka hatufiki kamwe.

Na msidhani ni msaidizi wa kubeba faili. Wahudumu hawa wanafanana kidogo na wahudumu wa afya ya jamii wa kwetu, lakini wapo waliosomea hadi kusajiliwa kitaifa kama wataalamu wa afya, utaratibu ulioanza Julai 2012. Wanachoma sindano, wanatoa dawa, wanajua nani ni mtoto wa nani na kwa nini fulani hatakuja kliniki wiki hii. Manesi tunabadilishana kila baada ya miezi. Wao wapo.

Kingine ambacho nilipaswa kukijua kabla sijafungua mdomo ni jinsi tumbaku ilivyofika. Mimi ni mtu wa Tanga, na habari hii ilinigusa kwa namna yake. Kabla Waingereza hawajaweka makazi pwani ile, mabaharia wa Makassar, huko kisiwa cha Sulawesi, Indonesia ya leo, walikuwa wakivuka bahari kwenda Arnhem Land kutafuta majongoo bahari. Walikwenda na upepo wa mwezi Desemba, wakarudi upepo ulipogeuka, kama majahazi yetu na kaskazi na kusi. Waliacha mikwaju ambayo bado imesimama ufukweni. Waliacha maneno pia: pesa kwa Wayolngu ni rrupiya, na nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani masikio yananidanganya. Pamoja na hayo waliacha tumbaku na kiko kirefu. Jangwani, katikati ya nchi, watu walikuwa na tumbaku yao ya porini ya kutafuna tangu enzi na enzi.

Lakini iliyoigeuza tumbaku kuwa minyororo ni hadithi iliyofuata. Kwenye misheni na kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe, Waaborijini walifanya kazi kwa posho ya unga, sukari, chai na tumbaku, mshahara hakuna, na hali hiyo iliendelea hadi ndani kabisa ya karne ya 20. Yaani nilikuwa namtahayarisha mtu kwa kitu ambacho babu yake alipewa kuwa ndiyo ujira wake.

Madhara ni makubwa, siwezi kuyapunguza. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ulikadiria kwamba sigara husababisha asilimia 37 ya vifo vya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, wenyeji wengine wa asili wa kaskazini mwa nchi, na kwa wenye miaka 45 na kuendelea ni karibu nusu ya vifo vyote. Wakati huohuo, watu wanaacha. Mwaka 2004 nusu ya watu wazima walikuwa wakivuta kila siku, na kufikia 2019 wamebaki kama wanne kati ya kumi, ingawa vijiji vya mbali bado viko nyuma sana. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na Waaborijini wenyewe, hasa kupitia mpango wa taifa wa Tackling Indigenous Smoking ulioanza mwaka 2010, ambao mratibu wake alikuwa Tom Calma, mzee wa makabila ya Wakungarakan na Waiwaidja. Mnaokwenda kule, nendeni mkijua mnaingia kwenye kazi ambayo ina wenyewe.

Siku ya nne nilimfuata Yapa kumwomba radhi. Sikumwita ofisini. Nilimkuta amekaa chini nje ya uzio, nami nikakaa chini, pembeni yake, si mbele yake. Nikamwambia nimekosa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimejaribu kuacha mara tano. Hapa kazini hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kabati la dawa lilikuwa hatua chache kutoka meza yake. Ndani mlikuwa na plasta za nikotini, dawa ya kubandika kwenye ngozi inayomsaidia mtu kuacha sigara, nyingine zinakaribia kuisha muda. Yeye ndiye aliyekuwa akizipanga.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huo: muulize. Muulize faraghani, kwa ruhusa yake, kama ambavyo ungemuuliza mgonjwa yeyote, halafu nyamaza usikilize. Muulize pia angependa kutibiwa na nani, maana kliniki ni ndogo, kila mtu anaweza kufungua faili la kila mtu, na yeye ana siri zake. Yapa alichagua daktari aliyekuwa akija mara mbili kwa mwezi. Wengine watapenda kuongea kwa simu na washauri wa Quitline, huduma ya kuwasaidia wanaoacha sigara, ambako wapo washauri Waaborijini. Usijichague wewe.

Kisha mtibu sawasawa, si nusunusu. Yapa alikuwa akiwasha sigara ya kwanza kabla hajatoka kitandani. Mtu anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka ameshikwa hasa, na plasta peke yake mara nyingi haimtoshi. Alianzishiwa plasta ya miligramu 21 pamoja na chingamu ya nikotini. Siku ya pili akaja na kwikwi na kichefuchefu, akaitoa ile pakiti mfukoni akaibwaga mezani. "Pilipili hii," akasema. Alikuwa akiitafuna kama chingamu ya dukani, na kosa lilikuwa letu, hakuna aliyemwelekeza. Ile unaitafuna polepole mpaka ukali uje, ukija unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unaiacha. Ukali ukipoa unatafuna tena kidogo, unaegesha tena, kwa muda wa kama nusu saa. Nikotini inaingia kupitia nyama ya ndani ya mdomo. Ukiimeza na mate inakwenda kuchoma tumbo, na kiu ya sigara inabaki palepale.

Plasta nazo zilitusumbua. Novemba kule, kabla mvua hazijaanza, joto na unyevu vinakuelemea kama uko ndani ya sufuria lenye mfuniko. Plasta zilibanduka kwa jasho, watu wakakata tamaa wakisema dawa haifai. Tukajifunza kuibandika juu ya mkono baada ya kuoga na kujikausha kabisa, bila losheni wala mafuta, na kuzipitishia kingo zake tepu ya vidonda. Kila siku mahali papya, ngozi ipumzike. Mambo madogo haya ndiyo yanayoamua kama mtu ataendelea wiki ya pili.

Wiki ya saba akafiwa na mjomba wake. Kule mtu akifa jina lake halitajwi tena kwa muda, na ukoo unakusanyika siku nyingi, hata wiki kadhaa. Sisi tuliokulia kwenye matanga tunaelewa. Watu wamekaa chini, sigara inazunguka mkono kwa mkono, na anayeikataa anaonekana kama anaukataa undugu. Yapa alivuta. Aliporudi kazini plasta alikuwa ameshaitoa, kwa sababu aliwahi kuambiwa kwamba ukivuta ukiwa nayo moyo utasimama. Hofu hiyo nimeikuta hata kwa wauguzi. Aliyeteleza akavuta moja aendelee na plasta yake. Hapo ndipo anapoihitaji zaidi. Wala asihesabiwe kwamba ameanza upya kutoka sifuri, maana zile wiki saba hakuna aliyemnyang'anya.

Kwa hiyo mkipanga tarehe ya kuacha, mwulizeni kwanza kama kuna msiba unaendelea au unasubiriwa. Na msiba ukitokea, mkubwa wa kazi ampe ruhusa kamili, amwekee na dawa za kutosha kwenye mfuko wa safari. Mwaka ule Yapa alizika ndugu wanne, na baina ya mazishi na mazishi alikuwa akirudi kliniki kuwahudumia wafiwa wenzake. Mtu anayebeba hivyo ukimnyang'anya sigara tu bila kumpa pa kutulia, umemnyang'anya kitu pekee kilichokuwa kinamkalisha chini dakika tano.

Wakuu wa kliniki nina neno nao. Mnachapisha bango lenye picha ya mhudumu, mnaandika kwenye ripoti kwamba anaongoza kampeni ya sigara, lakini kwenye ratiba yake hamna hata saa moja ya kazi hiyo. Asubuhi ni sindano za watoto, mchana ni kuendesha gari kuwafuata wagonjwa, jioni ni kutafsiri. Mpangieni muda unaojulikana, gari, na mafunzo yenye cheti kitakachomwongezea mshahara. Na msimkabidhi kazi ya kulinda kibao cha "Usivute Hapa". Anayevuta pale chini ya kibao huenda ni baba yake mdogo. Aende kumwambia azime? Aende mgeni, kwa adabu. Sisi tukichukiwa tutapanda ndege.

Ajirini pia wanaume kwa wanawake. Kule yapo mambo ya wanawake na mambo ya wanaume, na ipo heshima ya ukwe ambayo msomaji wa kwetu haitamshangaza: mwanamume na mama mkwe wake hawazungumzi, hawakai karibu, hawatazamani. Nilimwona muuguzi mmoja akimlazimisha mhudumu kumwelekeza mgonjwa aliyekuwa mkwewe. Mhudumu aligeuka ukutani, mgonjwa akatoka nje, na huyo mgonjwa hatukumwona tena mpaka alipoletwa na machela.

Kifaa kilichotusaidia kuliko mabango yote ni kile cha kupulizia, kinachopima hewa ya kaboni monoksaidi kwenye pumzi. Ndiyo hewa ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la mkaa chumbani. Unashika pumzi sekunde 15, unapuliza taratibu, namba inatokea. Uzuri wake ni kwamba inashuka haraka: siku moja tu bila sigara na unaiona tofauti kwa macho yako. Hakuna mahubiri, hakuna picha ya pafu jeusi. Mimi nilikuwa nakiweka kliniki, mezani, na watu wanapita. Yapa akakichukua akaenda nacho ufukweni, chini ya mkwaju, mahali wanawake wa ukoo wake hukaa Jumamosi wakisuka majani ya pandanusi, mmea wa jamii ya mkadi, kwa ajili ya vikapu na mikeka.

Ulikuwa mwezi wa nane tangu aanze. Aliketi, hakusema lolote kuhusu afya. Akatoa kadi iliyokunjwakunjwa yenye namba yake ya siku ya kwanza, 27, akaiweka juu ya mkeka. Akashika pumzi, akapuliza. Ikatokea 2. Kifaa kikapita mkono kwa mkono kama sigara zinavyopita, watoto wakigombania kuhesabu sekunde. Shangazi yake alipuliza wa mwisho, ikatokea 31, akakitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama zile za pilipili bado zipo. Yapa akachomoa pakiti kwenye mfuko wa sketi, akampa moja, akaanza kumwonyesha kwa kidole, kwenye shavu lake mwenyewe, pa kuiegesha.