Dada wa kazi na Jumapili yake: mama wa Uyole anauliza

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni mama, nakaa Uyole hapa Mbeya, nina dada wa kazi katoka Makete ana miaka 19. Mwezi uliopita kaniomba vitu viwili, Jumapili awe anaenda ibada na kupumzika mpaka jioni, alafu mshahara wake apewe mwenyewe badala ya mimi kumtunzia. Mume wangu na majirani wanasema nikimlegezea atanipanda kichwani, eti Biblia yenyewe inasema watumwa watiini mabwana zenu, na usawa ni mbele za Mungu tu ila nyumbani lazima kuwe na mkubwa na mdogo. Nifanyeje?

JIBU: Amina mama. Nianze na huo mstari maana najua ndo unaokukosesha usingizi. Ni Waefeso 6:5, na wanaoupenda huwa wanafunga Biblia hapo hapo, hawafiki mstari wa 9 ambapo Paulo anawageukia mabosi anawaambia nao watendeeni yayo hayo, waache kuwaogofya, kwa sababu Bwana wao wote yuko mbinguni na kwake hakuna upendeleo. Na kingine, dada yako sio mtumwa, hujamnunua, mmepatana. Paulo aliandikia watu wa dunia ya Warumi ambako binadamu aliuzwa sokoni kama mbuzi, sasa mtu anachukua maneno yale anamvalisha mtoto wa watu aliyepanda basi Makete kuja kutafuta maisha, huyo utumwa kauleta yeye sio Paulo.

Twende kwenye Jumapili. Fungua Kumbukumbu 5:14, amri ya Sabato, inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda mpaka mgeni, alafu inatoa sababu, mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike "vile vile kama wewe". Kama wewe mama. Haijasema wapumzike kidogo wakishamaliza vyombo. Na anayesema usawa ni wa mbele za Mungu tu muulize hii amri inatekelezwa wapi kama sio nyumbani, au huyo punda naye yuko mbinguni? Tunajuana bwana, Jumapili zetu zikoje. Dada kaamka saa kumi na moja na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, maji kama barafu, kachemsha chai, kawavalisha watoto, sisi tumetoka na vitenge vyetu kwenda kuimba haleluya yeye kabaki anachambua mchele wa wageni watakaotoka ibadani kuja kula.

Alafu soma Mwanzo 16 taratibu. Abramu na Sarai wanavyomzungumzia Hajiri hawamtaji jina hata mara moja, ni mjakazi wangu, mjakazi wako, basi. Wa kwanza kumwita Hajiri kwa jina lake ni malaika wa Bwana, kule jangwani, na anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, swali ambalo kule nyumbani hatusomi kama kuna mtu alimuuliza. Jirani yako akiwa mjanja atakwambia mbona malaika alimrudisha kwa bibi yake akanyenyekee, ni kweli alimrudisha, mstari wa 9 uko pale na huwa unanipa shida hata mimi kuuhubiri. Ila asiishie hapo, aende sura ya 21, Hajiri anafukuzwa na mwanae lakini anatoka huru, na Mungu anamfumbua macho anaona kisima.

Hili la jina linaniuma kwa sababu kwangu tulikaa na binti zaidi ya mwaka tunamwita dada, dada, siku kaugua nampeleka hospitali naulizwa jina la mgonjwa nikabaki nimekodoa macho. Mchungaji mzima.

Na zile habari tunazosikia mitaani kwamba watoto wa Iringa na Makete wameumbiwa kazi za ndani naomba ziishe. Wakinga, watu wa Makete hao hao, si ndo wenye maduka kule sokoni Mwanjelwa tunakoenda kukopa? Shida ya kule vijijini ni hela, na mara nyingi ikipungua mtoto wa kike ndo anatolewa shule kwanza.

Hela sasa. Kumtunzia sio dhambi kama kakuomba mwenyewe, ila anaidai na wewe unaikalia, hapo umeingia Kumbukumbu 24:15, mpe ujira wake. Na sheria ya kazi ya 2004 haijamsahau, inampa saa 24 za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 wakati huo iliweka kima cha chini 60,000 kwa mwezi kwa dada wa nyumba za kawaida anayelala kwa bosi wake, mwenye uwezo aongeze. Ile ya anakula kwangu anaoga sabuni yangu usiihesabu, hicho kima kiliwekwa kwa anayelala kwako.

Kwa hiyo mpe Jumapili yake na chakula cha siku hiyo mpike wewe na baba watoto. Kama ana kitambulisho cha NIDA mpeleke akasajili laini kwa jina lake umtumie huko, ile uliyotunza mpigieni hesabu pamoja kwenye daftari mwezi kwa mwezi. Mzee akiendelea kukaza njooni wote wawili Jumatano jioni, ila mje kabla kwaya hawajaanza mazoezi maana hatutasikilizana.