Muhuri Huu wa Muda Umetoka Kwenye Saa Ipi?

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeletewa grafu ambayo jibu linatoka kabla ya ombi kuingia, na kijana aliyeileta, mchapakazi ninayempenda kwa dhati, alikuwa ameshaanza kukishuku kichakataji. Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kupima utendaji, kichakataji hakina kosa. Mmechukua mihuri ya muda, yaani alama za wakati zinazowekwa kwenye kila tukio, kutoka saa mbili tofauti mkaipanga katika mstari mmoja.

1. Mashine moja ina saa nyingi. Katika Linux, CLOCK_REALTIME inaweza kurudishwa nyuma wakati wowote inaporekebishwa, kwa hiyo msipimie nayo muda uliopita. CLOCK_MONOTONIC hairudi nyuma, ila mwendo wake hurekebishwa na NTP (itifaki ya kulinganisha saa za mashine kupitia mtandao), na haihesabu muda ambao mashine imelala. Anayetaka usingizi huo uhesabiwe atumie CLOCK_BOOTTIME. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, nayo ina saa yake ya ndani, sched_clock, ambayo perf, zana ya kurekodi matukio ya mashine, huitegemea isipoelekezwa vingine, na ambayo programu zetu haziwezi kuisoma kwa clock_gettime, wito wa kawaida wa kusoma saa.

2. Hiyo ya ndani ndiyo iliyoniumiza. Programu yangu ya hifadhidata iliandika logi, yaani orodha ya matukio yake, kwa CLOCK_MONOTONIC, huku perf ikirekodi matukio ya diski kwa saa yake. Nilitafuta tukio moja lililoonekana pande zote mbili mwanzoni mwa jaribio, nikapata tofauti yake, nikaijumlisha kwenye kila mstari wa logi. Dakika za mwanzo kila kitu kililingana, nami nikaridhika mapema mno. Ilipofika dakika ya 60, logi ilisema ombi la kuandika limetumwa kwenye sekunde 3600.412, na rekodi ya kerneli ikaonyesha limeifikia diski kwenye 3600.448. Milisekunde 36! Niliamini kwamba maombi yanakwama kwenye foleni. Nilibadili kipangaji cha foleni, nikagawa kufuli moja (kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kupita kwa wakati) kuwa nane, nikawahakikishia wakubwa kwamba tatizo limepatikana, na mwenzangu akakesha siku mbili akiandika upya sehemu ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Baada ya wiki tatu ndipo nilipochora pengo lenyewe kadiri jaribio lilivyosonga, badala ya kuangalia wastani wake. Likatokea mstari ulionyooka: milisekunde 9 kwenye dakika ya 15, 18 kwenye dakika ya 30, 36 kwenye dakika ya 60. Foleni haijai kwa namna hiyo. Zilikuwa saa mbili zinazopishana mwendo kwa sehemu 10 katika milioni, moja ikiongozwa na NTP na nyingine ikienda zake. Nilimwomba mwenzangu radhi siku hiyohiyo, na usiku wake ule bado unaniuma.

3. Tangu Linux 4.1, iliyotoka mwaka 2015, perf inakubali kuchaguliwa saa. Andikeni perf record -k CLOCK_MONOTONIC, basi.

4. Saa ya kawaida ya ftrace (zana iliyomo ndani ya kerneli ya kufuatilia matukio yake), local, ni nyepesi lakini haihakikishi kwamba vichakataji vyote vinasoma wakati uleule. Andikeni mono, yaani CLOCK_MONOTONIC, ndani ya faili lake la trace_clock kabla ya kuanza kurekodi, kwa sababu kubadili saa hufuta yaliyokwisha kurekodiwa. Nimeshuhudia rekodi ya usiku mzima ikipotea hivyo mbele ya mtu aliyeingoja.

5. Programu inaweza kuandika alama zake katika trace_marker, faili jingine la ftrace, nazo zikapigwa muhuri na saa ileile ya matukio ya kerneli.

6. Someni current_clocksource, faili linalotaja chanzo cha saa ambacho kerneli inakitumia. Ikiwa kerneli imeacha tsc (kihesabio kilicho ndani ya kichakataji) na kuhamia hpet (kipima muda kilicho nje yake), kila usomaji wa saa unagharimu zaidi, na kipimo chenyewe kinaichelewesha programu.

Yule kijana amerudia kurekodi leo asubuhi, logi na ftrace zikiwa kwenye saa moja. Jibu sasa linatoka mikrosekunde 80 baada ya ombi, na 61 kati ya hizo zinaishia kwenye kufuli ambalo hakuna aliyekuwa akilitazama. Ndilo tunalolishughulikia sasa.