Tairi la 32 na madigadi kwenye baisikeli ya mbio
Ndugu, unataka kutoa tairi la upana wa milimita 25 uweke la 32 pamoja na madigadi, kwa safari za Kisumu–Ahero. Kwa breki za kubana rimu, mara nyingi haiwezekani. Pima kutoka tundu la bolti ya breki hadi katikati ya pedi: ukipata milimita 39 hadi 49, na madigadi utaishia 25, ukipata zaidi ya 49 hadi 57, 28 inaingia na madigadi. Bila madigadi acha angalau milimita 4 kila upande, maana spoki ikikatika rimu huyumba na tairi kuanza kula fremu.

Madigadi yawe mapana kuliko tairi kwa milimita 8 hadi 10, na juu ya tairi ibaki nafasi ya 8 hivi. Ila ukichepuka kwenye udongo mweusi wa Kano wakati wa masika, hata hizo hazitoshi. Ule ni gundi, gurudumu litagoma. Siku hiyo yavue.

Na usiuziwe tairi la Black Mamba, ile baisikeli nzito ya mizigo, eti ni inchi 28: kipenyo cha rimu yake ni milimita 635, yako ya saizi ya 700C ni 622. Soma ubavuni mwa tairi, paandikwe 28-622, yaani upana 28, rimu 622.